Simu Haitandiki Kitanda

Wiki chache zilizopita niliitwa kukaa kwenye juri ya mtihani wa mwisho katika kituo kimoja cha ufundi hapa Kamituga, upande wa hoteli na utalii. Jina la kituo sitalitaja, na wanaolijua nawaomba walinyamazie, kwa sababu mambo haya haya nimeyaona na kwingine.

Mtahiniwa wa tatu alikuwa binti wa huku huku, mtulivu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Kazi yake ya maandishi ilihusu usafi wa vyumba vya wageni. Kurasa 32 za Kifaransa kisicho na kosa, hatua za kutandika kitanda zimepangwa kuanzia 1 mpaka 14, hata pembe ya shuka imepewa digrii zake: 45. Mwenzangu wa juri aliinama akaninong'oneza, "Huyu tayari." Nikamwomba binti ainuke, aende kwenye kitanda kilichokuwa nyuma yetu, atoe shuka lililotumika, atandike jingine.

Alilishika lile shuka kwa ncha mbili, akalinyanyua juu, akalikung'uta kwa nguvu. Vumbi likaonekana kwenye mwanga wa dirisha.

Katika mji mwingine labda hilo ni kosa la kupunguziwa pointi moja. Lakini hapa ni Kamituga. Kuanzia Septemba 2023 hospitali yetu ilianza kupokea watu wenye vipele, na uchunguzi wa maabara ukaja kuonyesha kwamba ni mpox ya tawi jipya, lile lililopewa jina la clade Ib. Katika kundi la kwanza la wagonjwa waliothibitishwa, karibu 3 kati ya kila 10 walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na biashara hiyo kwetu inafanyika wapi kama si kwenye nganda na vyumba vya nyuma yake? Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani, OMS, likatangaza dharura ya kimataifa, na jina la Kamituga likatajwa kwenye redio za nchi ambazo habari zetu hazikuwahi kuzifikia. Virusi hivi vinapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, lakini pia vinakaa kwenye nguo, taulo na mashuka. Njo maana mtu anayesafisha chumba hakung'uti shuka. Anavaa glavu, analikunja polepole kuelekea ndani, halikumbatii kifuani, analitia moja kwa moja kwenye mfuko au beseni, linafuliwa kwa sabuni na maji ya moto, kisha ananawa mikono. Ni somo la dakika 10, na shuka moja linatosha kufundishia darasa zima.

Kwenye kurasa 32 za yule binti neno mpox halikuwemo. Jeli ya mikono kwenye meza ya mapokezi ilikuwemo. Mashine ya kunyonya vumbi ilikuwemo, na kikapu cha nguo chenye magurudumu kinachosukumwa kwenye korido. Mimi nimelala karibu katika kila nyumba ya wageni ya mji huu, na sijaona korido ambamo gurudumu linaweza kuzunguka mara mbili bila kukwama.

Nikamuuliza, "Kutandika ulijifunzia wapi?"

"Mwalimu, sisi tulifanyaka tu kwenye simu."

Alikuwa anasema kweli. Kituo kile kilikuwa kimeingiza akili bandia katika mafunzo, au IA kama tunavyosema wote hapa. Mwanafunzi anafungua programu kwenye simu yake, programu inajifanya msimamizi wa vyumba vya hoteli, inamuuliza maswali, yeye anajibu kwa kuandika, mwishoni inampa pointi. Binti alikuwa amepata 18 kwa 20. Na kile kitanda cha mtihani kiliazimwa asubuhi ile kwa jirani. Godoro lilirudishwa kabla hata hatujamaliza kujumlisha.

Ugomvi wangu unaanzia hapo, na mashine yenyewe ina sehemu ndogo tu ndani yake. Zoezi moja la jikoni kwa wanafunzi 20 linataka makaa, mafuta, mchele, kuku, vitunguu, sabuni ya kuoshea. Vitu vingi kati ya hivyo vinatufikia kwa barabara ya kitaifa namba 2, kilomita kama 180 kutoka Bukavu, na kila aliyewahi kulala ndani ya lori lililozama kwenye matope anajua ni kwa nini nyanya ya Kamituga ina bei ya ajabu. Tangu Bukavu ilipochukuliwa na M23 mnamo Februari 2025, safari hiyo imekuwa ya kupigiwa hesabu zaidi. Kwa hiyo ninaelewa kabisa mkuu wa kituo anayetafuta pa kupunguzia matumizi. Kituo kimoja kilipunguza namna hii: kwenye bajeti ya mwaka, mstari wa makaa ukafutwa, mstari wa chakula cha mazoezi ukafutwa, na kwenye bango la nje kukaandikwa kwa herufi kubwa kwamba sasa mafunzo yanatolewa "kwa IA". Wazazi wakaongezewa makuta ya dijitali juu ya minerval. Halafu mega za intaneti anazinunua mwanafunzi mwenyewe.

Hebu tuangalie kilichotokea hapo. Gharama ya makaa haikupotea. Ilitoka kwenye mfuko wa kituo ikaingia kwenye mfuko wa mtoto wa mama anayetwanga mawe, na njiani zoezi lenyewe likadondoka.

Sasa nisimame kidogo kabla hamjaniita mzee. Mimi ni mhitimu wa juzi tu, na hiyo IA naitumia. Nimeitumia kuhesabu bei ya sahani: unaipa vipimo vya wali, maharage na nyama, unaipa bei za soko za asubuhi, inakupa gharama ya sahani moja na bei ya kuuzia kabla hujamaliza kunywa chai. Zamani hesabu hiyo tuliifanya usiku mzima kwa kalkuleta na bado tulikosea. Kuna kijana mmoja niliyemfundisha, ametoka kijiji cha ndani kabisa, Kifaransa chake kilikuwa cha kuokota na Kiingereza hakuwa nacho. Darasani hakufungua mdomo kwa kuogopa kuchekwa. Usiku alikaa na simu akiongea nayo kwa sauti: karibu bwana, chumba chako ni hiki, kifungua kinywa kinaanza saa moja. Simu haikumcheka. Baada ya miezi mitatu alisimama mbele ya wenzake akapokea mgeni wa mchezo kwa Kiingereza, na sisi tuliomjua tulinyamaza kimya. Kwa jambo hilo peke yake siwezi kuisema vibaya mashine hiyo yote.

Wala ugonjwa huu haukuanza na mashine. Tuseme kweli, sisi tuliosoma hoteli tulilishwa nini? Mwalimu alisimama akasoma, sisi tukaandika, mwisho wa muhula tukanunua syllabus yake ili asitukasirikie. Ndani ya syllabus kulikuwa na vikosi vya jikoni vya Auguste Escoffier, yule mpishi Mfaransa ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1903: mkuu wa michuzi, mkuu wa vyakula vya baridi, mkuu wa nyama za kuchoma, kila mmoja na wasaidizi wake. Nilikariri vyeo vyote. Nilipofika kwenye staji yangu ya kwanza jikoni kulikuwa na mama mmoja, mbabula mbili, na mimi. Mashine imesoma vitabu vile vile alivyonakili mwalimu wetu, ndiyo maana inasema yale yale, ila kwa haraka na kwa Kifaransa kizuri zaidi. Kosa la zamani sasa linatoka likiwa limechapwa vizuri, na mwalimu aliyechoka anaona afadhali alichape tu.

Nilifanya jaribio moja dogo. Niliiomba programu inipangie menu ya wiki kwa nyumba ndogo ya wageni hapa Kamituga, vyumba 8, hakuna friji. Ilikubali vizuri sana, ikaniandikia pondu, kuku wa moambe, liboke, na samaki mbichi "waliovuliwa asubuhi ziwani". Mtu wa Kinshasa angefurahi. Kwetu ile pondu ni sombe na inapikwa kwetu-kwetu. Ziwa hatuna. Sambaza za Ziwa Kivu zinatufikia zikiwa kavu, na mgeni anayeletewa samaki mbichi katika mji huu bila friji inafaa aulize maswali kabla ya kula. Nikaiomba maneno ya kumkaribisha mgeni kwa Kilega. Ikaniandikia sentensi mbili kwa ujasiri wote. Nikamsomea mama mmoja Mulega anayeuza ndizi, akacheka mpaka akakaa chini, akaniuliza hiyo ni lugha ya kabila gani.

Hayo ya menu ni ya kuchekesha. Yanayofuata hayachekeshi.

Katika makaratasi ya kituo kile kulikuwa na zoezi la kuigiza lililotungwa na IA: mteja amelewa, amemshika mhudumu mkono, hataki kumwachia. Mhudumu afanye nini? Jibu lililopewa pointi zote lilikuwa hivi: abaki na tabasamu, aongee kwa sauti tulivu, amshukuru mteja kwa kutembelea, ampendekezee glasi ya maji, kisha amjulishe meneja. Darasa zima lilikuwa limelikariri. Wasichana 14 kati ya wanafunzi 20, na wengi wao kazi ya kwanza watakayoipata hapa itakuwa kwenye nganda, tusidanganyane.

Sasa lichukueni jibu hilo mliingize ndani ya nganda ya Kamituga saa nne ya usiku. Mteja ametoka kwa negosa, ana pesa za dhahabu mfukoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu shimoni. Meneja ni mwenye nganda, na mwenye nganda anataka mteja huyo aendelee kuagiza Primus mpaka pesa ziishe. Mlinzi hayupo. Na mara nyingine anayeshika mkono ana bunduki begani, kwa hiyo hata kusema "nitaita polisi" ni mchezo. Katika chumba kama hicho jibu la mashine linamwachia binti tabasamu tu.

Nilipeleka swali hilo hilo kwa mama mmoja anayeendesha nganda karibu na soko kwa miaka mingi. Hana cheti chochote. Aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea mchele, akanieleza bila haraka, kama mtu anayetaja vitu vya dukani. Msichana wake habebi chupa kwa mkono mtupu. Anabeba plato, na plato inakaa upande wa mteja, ili mkono wa mteja ukutane kwanza na chupa zake mwenyewe, kwa sababu chupa zake hatataka zianguke. Hasimami kamwe kati ya meza na ukuta. Pesa inalipwa kila raundi, haingojwi mwisho, kwa kuwa ugomvi mwingi wa usiku unaanzia kwenye deni. Wasichana wana neno lao la siri: mmoja akiuliza kwa sauti "ufunguo wa depo uko kwa nani?", mwenzake anakuja hapo hapo na daftari na kusimama katikati. Hakuna anayepeleka bia chumbani. Inawekwa kwenye kiti nje ya mlango, anabisha, anaondoka. Na motari wa kuwarudisha nyumbani anajulikana kwa jina na kwa mzazi, ameshalipwa tangu saa mbili.

"Na tabasamu, mama?" nikamuuliza.

"Tabasamu ni ya wakati wa kurudisha chenji," akasema, akachukua ungo wake.

Nilirudi nyumbani nikaandika yote. Halafu, kwa kutenda haki, nikairudia programu nikaipa swali upya, safari hii na mambo yote: hakuna mlinzi, mwenye baa hataki kelele, mteja ana silaha, msichana ana miaka 19. Jibu lilibadilika sana. Likazungumzia umbali, mwenzake wa kumsaidia, ishara ya kukubaliana mapema, njia ya kutokea, safari ya kurudi nyumbani. Hawakufanana na mama yule kwa plato, lakini walikuwa wanaelekea upande mmoja.

Jambo hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko lile jibu baya. Mashine ilikuwa inaweza. Ilikosa mtu wa kuiambia Kamituga ni wapi. Mwalimu aliyetunga zoezi hakuiambia, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kusimama usiku kwenye nganda akiwa na plato mkononi, na mwanafunzi hawezi kuiambia asichokijua. Anayeijua kazi anaiuliza vizuri na kupata kitu cha maana. Asiyeijua anauliza juu juu, anapewa hoteli ya Ulaya, na hana namna ya kugundua kwamba amedanganywa. Sasa ukimwondoa mwanafunzi kwenye mbabula, kwenye kitanda na kwenye plato ili umpe simu, umemwondolea kitu pekee ambacho kingemfanya aweze kuitumia hiyo simu.

Mwenzangu mmoja wa juri hakukubali. Aliniambia, "Yaya, unataka tubaki na mwiko wakati wenzetu wa Kigali na Nairobi wako kwenye kompyuta?" Ni swali la haki. Hoteli kubwa zinapokea maombi ya vyumba kwa programu, na kijana wetu akifika huko bila kujua kugusa kompyuta atarudishwa. Lakini tukitaja Nairobi tuitaje yote. Kenya Utalii College ilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Waswisi, na tangu zamani ina hoteli yake ambamo wanafunzi wanahudumia wageni wa kweli wanaolipa pesa ya kweli. Supu ikiwa na chumvi nyingi, kuna mgeni anairudisha. Kompyuta zilikuja juu ya hiyo hoteli, hazikuja mahali pake. Hata wapishi wa zamani wa hapa kwetu, enzi za MGL na baadaye SOMINKI iliyoundwa 1976, walijifunza wakiwa wamesimama jikoni, na mpaka leo ukikutana na mzee aliyewapikia wahandisi utaona namna anavyoshika kisu.

Upande wa utalii nitasema machache, kwa sababu kwa sasa wageni wa utalii wako wapi? Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, ikawa urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kituo chake cha Tshivanga, ambako watu walikwenda kuona sokwe, kiko kilomita kama 30 kutoka Bukavu. Kazi moja niliyoisoma, iliyotungwa kwa IA, iliweka sokwe hao kama safari ya asubuhi kutoka Kamituga, mgeni anarudi kwa chakula cha mchana. Wala haikutaja hifadhi ya Itombwe iliyo karibu nasi zaidi. Lakini ukurasa uliofuata ndio ulioniumiza. Uliuza "tukio la kipekee": mtalii anavaa kofia, anateremka kwenye shimo la dhahabu, anapigwa picha na wachimbaji. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua ilijaza maji mashimo ya Detroit, hapa hapa mjini, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa. Mwanafunzi aliyeandika kazi hiyo anakaa umbali wa kutembea kutoka pale. Nilipomuuliza kama angemteremsha mgeni mle, alinitazama kama nimetukana. "Hapana, mwalimu. Mimi sikuisoma sana hiyo sehemu."

Hakuisoma. Na aliyempa pointi hakuisoma pia. Maandishi yanapita kutoka mashine kwenda kwa mwalimu kwenda kwenye kabati, hakuna jicho lililogusa.

Baada ya mtihani nilimwomba mkuu wa kituo anipe darasa moja kwa Jumamosi mbili, bure. Alikubali kwa shingo upande. Jumamosi ya kwanza niliwaagiza wanafunzi wote waiombe IA mwongozo wa kuendesha nyumba ya wageni hapa Kamituga, tukauchapa kwenye karatasi, kisha tukaenda na karatasi zetu na kalamu nyekundu kwenye nyumba ya wageni ya kweli ambayo mwenyewe alituvumilia. Kazi ilikuwa kutembea chumba kwa chumba wakisahihisha. Maji ya bomba: futa, ni mtungi, na mtungi unafunikwa. Umeme saa 24: futa, ni jenereta, na mgeni aambiwe mapema inazimwa saa ngapi ili achaji simu yake. Malipo kwa kadi: futa. Usafi wa mashuka: hapo wakabishana karibu nusu saa, mpaka mwenye nyumba akaingilia kati kueleza jinsi alivyofanya mwaka 2024 wageni walipokuwa madaktari na watu wa mashirika, na vyumba vilikuwa havitoshi. Karatasi zilirudi nyekundu. Yule kijana wa kimya wa darasa, maana kila darasa lina wake, aliandika pembeni mwa karatasi yake maswali 6 ambayo angeiuliza mashine upya. Yalikuwa maswali ya mtu wa kazi.

Sidai kwamba nimegundua dawa. Jumamosi mbili ni kitu gani. Ila niliona kwamba wanafunzi hao hao walionakili bila kusoma, walipopewa ruhusa ya kuikosoa mashine waliikosoa kwa furaha, na kila kosa walilolikuta liliwalazimisha kusema kazi inafanywaje hapa kwao. Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzetu wa chama wanaofundisha au wanaoitwa kwenye juri ni hili: kazi ya maandishi ipewe pointi 5 tu kwa 20. Zile 15 zitoke kwenye mikono. Mwanafunzi alete pia karatasi ya mashine aliyoisahihisha mwenyewe, na aitetee mbele ya mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku. Yule mama wa nganda akae kwenye juri, alipwe usafiri wake kama tunavyolipwa sisi. Na kituo kisichokuwa na mstari wa makaa kwenye bajeti kisiandike neno IA kwenye bango.

Yule binti wa kwanza tulimpa nafasi ya kurudia. Jumamosi ya pili alikuja mapema, akavaa glavu alizozinunua mwenyewe, akakunja shuka kuelekea ndani bila kulitingisha, akalitia kwenye mfuko, akafunga. Kutandika jipya bado kulimsumbua, pembe zilikuwa zinamtoka, na godoro la kuazima lilikuwa limebonyea katikati. Alirudia mara nne. Nilimpa 13.

Kituo sasa kimekubali kununua godoro moja na gunia la makaa kwa mwezi. Mashuka bado. Mwenye mashuka makuukuu ya kitanda kikubwa, mawili matatu, aniandikie inboksi tuangalie njia ya kuyafikisha. Rangi yoyote, ila nyeupe ni bora, ili uchafu uonekane.